Kamera ya Marehemu Mzee Gagné

Normand Gagné alikuwa hajamaliza andazi lake la kwanza alipoiona riziki. Haikuwa imevaa vizuri, riziki ile. Ilikuwa imejilaza ndani ya boksi la kadibodi chini ya meza ya majaribio, imezongwa na waya wake wenyewe na waya za wenzake hamsini na kitu, na ubavuni mwa boksi mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nene: ZIMEKUFA AU ZINAUMWA, DOLA MOJA.

Zilikuwa kamera za kompyuta, zile ndogo za kubandika juu ya kioo ili mjukuu aliyeko Vancouver aone bibi yake amevaa nini. Nyingine zilikuwa za duara kama jicho la samaki, nyingine zimekatika miguu, na moja ilikuwa na umbo la yai, rangi ya maziwa yaliyolala.

Ilikuwa Jumamosi ya pili ya Oktoba, na gulio la vyombo vya umeme limejaa katika ukumbi wa Wafini pale Thunder Bay. Watu walikuwa wametandaza redio, nyaya, feni za kompyuta zisizozunguka na nyingine zinazozunguka zisipotakiwa. Kahawa ilikuwa ya bure. Maandazi ya Persian, yale ya duara yenye sukari ya waridi juu, yalikuwa dola moja na nusu, na Normand alikuwa amepata lake bure kwa kumwambia msichana wa mezani kwamba yeye ni wa kamati.

Nyuma ya meza ya majaribio alikaa Bi Aune Kivelä, mwenye miaka sabini na sita, aliyefanya kazi ya mitambo ya simu mpaka alipostaafu. Alikuwa na chupa ya chai, miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, na kompyuta mpakato kuukuu yenye kona iliyofungwa utepe. Ndani yake aliweka Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, na Linux hiyo aliitunza kama wengine wanavyotunza kuku.

Desturi ya ukumbi ilikuwa hii: kitu chochote kilichouzwa gulioni kingeweza kuletwa pale kipimwe mbele za watu, na kilichosomwa kwenye kioo cha Bi Aune hakikuwa na rufaa. Mauzo yalivunjika hapo. Urafiki wa miaka ishirini ulivunjika hapo. Na kila mara Bi Aune alisema maneno yale yale, "Usinitazame mimi. Mashine ndiyo imesema."

Normand alisogea akasikiliza, maana kusikiliza ndiyo shule pekee aliyohudhuria bila kufukuzwa.

"Picha yangu ina mistari, Bi Aune," mzee mmoja alilalamika. "Mke wangu anaonekana kama pundamilia."

"Umeme wetu hupiga mara sitini kwa sekunde, na kamera yako imewekewa hamsini." Bi Aune akaandika mstari mmoja wa herufi, akabonyeza, mistari ikatoweka. Halafu akaizungusha lenzi kwa ukucha, taratibu, kama anayefungua saa ya mkononi, mpaka ukungu ukaondoka. "Haya. Mkeo amerudi. Usimwambie nimemfanyia nini."

Aliyefuata alikuwa na ndevu mpaka kifuani. Alileta kamera ya kijivu iliyochakaa. Bi Aune akaifungua kwa bisibisi, akang'oa kipande cha kioo chekundu cha kuchuja mwanga, kidogo kama punje ya mtama, akaifunga tena. Mwenye ndevu akamlipa muuzaji dola sitini huku akicheka peke yake.

"Sitini?" Normand alimuuliza. "Kwa hiyo takataka?"

"Sisi watazamaji nyota tunazitafuta hizi za zamani, kaka. Unaifunga kwenye darubini, unaiona sayari na pete zake. Siku hizi hazitengenezwi."

Hapo ndipo riziki ilipomkonyeza Normand. Hakuhitaji kamera ya nyota. Alihitaji mtu mmoja tu aamini kwamba anayo. Akatoa dola moja, akachukua lile yai, na Bi Aune akampa bila kuuliza neno, macho yakiwa kwenye kioo.

Ginette, mdogo wake, alikuwa ndani ya gari kwenye uwanja wa kuegesha, miguu juu ya kiyoyozi cha joto. Begi lake la nguo lilikuwa mapajani.

"Begi la nini?" Normand aliuliza.

"Nilikuambia tukiwa Wawa, nikakuambia tena Kenora, wakati yule mwanamke wa moteli anatukimbiza na ufagio. Hii ndiyo ya mwisho, Normand. Ikiharibika leo, mimi sipandi tena gari hili."

"Kuharibika! Dada, nimewahi kukuharibikia?"

"Dryden. Marathon. Kapuskasing mara mbili."

Normand alilifuta yai kwa kiganja. Watu wanadhani ulaghai ni ulimi, lakini ulimi mmoja haufiki mbali. Miaka kumi na tisa Ginette ndiye aliyekuwa muuguzi, mjane, mkaguzi wa boila, na safari moja mtawa. Bila Ginette, Normand alikuwa mwanaume wa makamo anayezungumza peke yake ndani ya gari lenye harufu ya soksi. Alilijua hilo vizuri kabisa, na ndiyo maana hakuwahi kulisema.

"Leo utakuwa profesa," akasema. "Vaa ile sweta ya vifungo na ile miwani. Weka kalamu tatu mfukoni."

"Mbili," Ginette akasema. "Tatu ni za fundi bomba." Lakini akaanza kuvaa.

Ivor Dubyk alikuwa na meza nne zilizounganishwa karibu na mlango, na udhaifu mmoja. Akinunua kitu kutoka kwa mtu asiyejua thamani yake, raha ilimshuka mpaka kwenye visigino. Normand alimfikia akiwa amelegeza mabega, ameshika lile yai kwa mikono miwili.

"Samahani mzee wangu. Naweza kukuachia hii nikanywe kahawa? Ilikuwa ya marehemu baba. Sitaki ikanyagwe."

"Iweke hapo," Ivor alisema, akaisukuma pembeni kwa kidole kama anayesukuma kombamwiko.

Haikupita robo saa akafika mwanamke mwenye kalamu mbili. Aliangalia nyaya. Aliangalia redio. Kisha akaliona yai, akashika ukingo wa meza.

"Hii umeipata wapi?"

"Iko iko tu," Ivor akasema, masikio yakisimama.

"Nimeitafuta miaka sita kwa ajili ya kituo chetu cha nyota. Nitakupa mia tisa. Usinionee baba, ndizo nilizonazo. Ila ziko benki. Nikirudi saa saba nitaikuta?"

"Mama," Ivor akasema kwa sauti ya kanisani, "utaikuta."

Normand aliporudi na kahawa yake, Ivor alikuwa ameshalifuta yai kwa kitambaa.

"Hiki kidude, kijana, ungependa kukiuza?"

"Cha baba? Hapana, mzee."

"Hamsini."

"Alikuwa akitutazama kupitia hiki tulipokuwa mbali."

"Mia. Mia na hamsini."

Normand aligeukia dirisha. Chozi lilimtoka jicho la kushoto, lile lililokuwa tayari kufanya kazi wakati wowote. Kwenye mia nne akapenga kamasi, akasema labda marehemu angependa kifike kwa mtu anayekijali. Ivor hakukipeleka kwenye meza ya majaribio, na Normand alijua hatakipeleka. Mchoyo hapimi dhahabu yake hadharani, maana wengine watasikia.

Hapa mwizi mwenye akili huondoka. Ginette alikuwa ameshawasha injini.

"Twende."

"Dakika mbili, Gini. Mle ndani zimebaki hamsini na kitu, dola moja moja! Magulio yako Nipigon, yako Geraldton. Nichukue sita tu."

"Normand. Twende."

"Sita!"

Baada ya robo saa ya kubishana alirudi ukumbini akijipigia mluzi, na mluzi ukamkatikia mdomoni. Meza ya majaribio ilikuwa imezungukwa. Katikati yao Ivor Dubyk amesimama, kifua mbele, na juu ya meza, waya wake ukiwa umeingia ubavuni mwa kompyuta, lilikuwa lile yai.

Normand alipenya. Kwenye kioo cha Bi Aune aliona picha ambayo hajawahi kuiona ikitoka kwenye kamera ya kompyuta. Mlango wa ukumbi ulionekana mpaka kutu ya bawaba. Juu ya mlango, kichwa kilichotundikwa cha paa mkubwa wa misituni, mwenye pembe pana kama majembe, kilionekana unywele kwa unywele; hata vumbi la puani mwake lingeweza kuhesabiwa. Chini ya picha kulikuwa na maandishi, na Bi Aune aliyasoma kwa sauti bila haraka, kidole kikifuata mstari.

"Jina: Jicho la Kituo cha Nyota, mfano wa majaribio, namba tatu. Upana wa picha: nukta elfu tatu mia nane arobaini." Akavua miwani ya puani, akavaa ya kichwani, akasoma tena. "Hivi ndivyo inavyosema. Sijawahi kuiona nyingine."

"Elfu moja na mia mbili!" akasema mwenye ndevu.

"Elfu moja na nusu," akasema yule mume wa pundamilia, ambaye dakika chache kabla alibishania bei ya waya wa dola mbili.

Ivor alijishika kichwa. Alisema "Lahaula! Utajiri huu!" kwa namna ambayo watoto wa shule husema kwenye mchezo wa Krismasi, na akatazama dari. Siku nyingine yoyote Normand angemcheka mtu anayeigiza vibaya hivyo. Leo hakumtazama Ivor. Alikuwa anatazama vumbi la puani mwa paa.

Fikirieni uchungu wake. Alikuwa ametunga uongo, akaulisha, akautuma mjini, na uongo ule ukageuka kweli bila hata kumwambia kwaheri. Ameibiwa! Ameibiwa mali ya marehemu baba yake, ambaye, tuseme ukweli, yu hai, anacheza karata huko Hearst.

Mkono ulimgusa begani. Ginette alikuwa amemfuata, sweta kaivua, miwani kaificha. Aliitazama meza. Akatazama kioo. Akageuka akautazama mlango, kisha akalitazama yai tena.

"Kaka," akanong'ona. "Twende."

"Hujaona? Imesoma yenyewe! Mashine ya yule bibi haisemi uongo!"

"Twende, Normand."

"Wewe hukujua baba alikuwa na kitu gani!"

Ginette akamwachia bega. Halafu akarudi nyuma hatua mbili, akakunja mikono, akawa mtazamaji kama wengine.

Normand alimvuta Ivor pembeni. "Mzee wangu, dhamiri imenikataza. Sikulala."

"Tumeuziana saa tano hii, kijana. Ulitaka kulala saa ngapi?"

"Baba amenijia! Nirudishie, nami nakurudishia mia nne zako."

"Mtu ametoa elfu moja na nusu."

"Hao ni maneno, mimi ni fedha mkononi. Mia tano! Sita! Mzee, una mama wewe?"

Ivor aliuma mdomo, na kwa hakika ilionekana anazuia jambo fulani lisitoke. "Mia nane," akasema, "kwa heshima ya marehemu."

Normand alitoa zile mia nne za Ivor. Kisha akainama, akavua buti la kulia, akatoa mia nne nyingine zilizokuwa na joto na historia. Akalibeba yai mpaka kwenye gari kama mtu aliyebeba mtoto wa mfalme.

Alikuwa na kompyuta ndogo ya kwake, iliyokuwa ya mtu mwingine. Akachomeka. Picha ikaja. Ilikuwa ya kijani, kijani cha uji wa njegere, na katikati ya uji huo uso wa Ginette ulielea miguu juu kichwa chini, bila pua.

Akachomoa, akachomeka. Uji. Akalipuliza. Akalipiga kofi dogo la kirafiki.

Ginette alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika dashibodi.

"Paa yuko wapi, Normand?"

"Paa gani?"

"Yule wa ukutani. Yuko juu ya mlango. Na kamera yako, ilikuwa inatazama wapi pale mezani?"

Normand alifumba macho akaiona meza tena. Yai. Lenzi yake. Lenzi ilikuwa imegeukia chupa ya chai ya Bi Aune, na mlango ulikuwa nyuma yake.

"Uliona," akasema polepole. "Uliona, ukanyamaza."

"Nilikuambia twende mara nne. Halafu nikakumbuka kanuni. Mtu akishaanza kutoa pesa mwenyewe, usimshike mkono. Nani alinifundisha hiyo?"

Akachukua begi lake, akashuka. Hakuelekea kituo cha basi. Alielekea ukumbini, kwa hatua za mtu aliyesahau kitu cha kwake humo, na Normand akamfuata akiwa na yai mkononi na buti moja halijafungwa.

Bi Aune alikuwa anamimina chai. Ivor alikuwa mbele yake, mia nne zake zimesharudi mfukoni, anazitazama mia nne nyingine zikiingia kwenye kopo lililoandikwa TANURU LA UKUMBI. Uso wake ulikuwa wa mtu anayezika mbwa wake.

"Tulikubaliana, Ivor," Bi Aune alisema.

"Nilikubali nikiwa na hasira."

"Ndiyo maana nilikuharakisha." Akamwona Normand. "Ah. Mfiwa. Pole sana."

"Bibi," Normand alisema, sauti ikimtetemeka, na safari hii hakuitetemesha yeye, "mashine yako imedanganya."

Watu waliokuwa karibu waligeuka. Hilo lilikuwa neno zito mahali pale.

"Mashine yangu haijadanganya," Bi Aune alisema bila hasira. "Ilisoma nilichoiandikia. Katika Linux, mwanangu, kamera ni faili tu, na faili naweza kulitengeneza kwa mkono wangu. Nilitengeneza kamera hewa. Nikaibatiza jina. Namba tatu niliiongeza kwa sababu namba moja huwa hawaiamini. Kisha nikamimina ndani yake picha za kamera yangu nzuri, na wale wawili nikawaambia wapandishe bei." Akainua kitambaa cha meza. Kati ya vikombe viwili kulikuwa na kamera nyeusi ya bei mbaya, jicho lake likimkodolea paa. "Ivor alikuja kuniuliza kwa siri amtoze profesa ngapi zaidi ya mia tisa. Nikaliona yai lililokuwa kwenye boksi langu tangu Agosti. Mwenye duka moja la simu alinipa. Nimeshajaribu kuitibu mara nne. Naijua kama nijuavyo goti langu. Na anayepata mia nne kwa dola moja lazima arudi kwenye boksi."

"Kwa nini hukuniambia tu kwamba umenikamata?"

"Ningekosa kuona kama bado naweza." Akanywa chai. "Ilikuwa dakika kumi na moja. Nikiwa kijana ningetumia tano."

Ginette alikuwa ameshazunguka meza. Alikuwa ameinama kwenye kioo, anasoma ile mistari.

"Hii ndiyo inayoipa jina?" akauliza.

"Hiyo. Na hili ndilo bomba la kupitishia picha."

"Na ukitaka ionyeshe picha ya jana?"

Bi Aune alimtazama juu ya miwani. Kisha akakiburuta kiti cha pili kwa mguu. "Wewe ndiwe uliyekuwa profesa?"

"Ndiyo, bibi."

"Kalamu mbili zilinipendeza. Kaa. Gulio linaisha saa kumi na nina foleni, na macho yangu hayataki tena bisibisi ndogo."

"Gini," Normand alisema. "Dada. Gari linawaka."

"Likazime, basi. Petroli."

"Tuna Nipigon!"

"Una Nipigon." Hakusema kwa ukali. Alivuta kiti, akavaa ile miwani ya profesa, na safari hii alikuwa anaihitaji. "Miaka kumi na tisa, kaka, nadanganya watu na kukimbia kabla sijaona nyuso zao wakielewa. Huyu bibi amedanganya na amebaki ameketi. Anaeleza, hata. Nataka kujua hiyo inafanywaje."

Normand alitoka. Aliketi ndani ya gari, akafunga mkanda, akaufungua. Alijiambia atampa dakika kumi. Alimpa muda wa saa tatu. Aliongea kidogo, kwa sauti, kuhusu shukrani za ndugu, na hakuna aliyeitikia kwa wakati unaofaa wala kukohoa pale pa kukohoa. Akachomeka yai kwenye kompyuta, angalau kuwe na kitu kinachosonga. Kikasonga kijani.

Ndivyo ilivyotokea kwamba saa tisa alasiri, wenyeji wa asubuhi wakiwa wamekwenda zao na ukumbi ukiwa na wageni waliofika kwa ajili ya bei za mwisho, Normand Gagné alisimama kwenye foleni. Walikuwa watu sita mbele yake. Hakumwambia yeyote kwamba yeye ni wa kamati. Alisogea walipokuwa wakisogea.

Aliyekuwa akipokea vitu sasa alikuwa Ginette, bisibisi nyuma ya sikio. Bi Aune alikuwa kando yake anasuka nyaya. Ginette hakuonyesha kumjua.

"Ina shida gani?"

"Kijani," Normand alisema. "Na inageuza watu."

Ginette aliichomeka. Aliandika mstari, akakosea, Bi Aune akamwonyesha kwa kidole, akaandika tena. Uji ulitikisika. Chumba kikasimama wima. Ginette akazungusha lenzi kwa ukucha, taratibu sana, ulimi ukiwa umetoka pembeni mwa mdomo kama alivyokuwa akifanya alipokuwa na miaka saba, na katikati ya kijani kikatokea kitu kinachofanana na uso wa Normand, hakijanyolewa, kinasubiri.

"Ninaweza kuiponya," akasema. "Nusu. Itachukua muda. Uliinunua kwa ngapi? Tunamuuliza kila mtu, kusudi tujue kama inafaa kuhangaika nayo."

Normand alitazama huku na huku. Majibu kumi mazuri yalimjia, yote yamevaa suti. Akayaacha yapite.

"Dola mia nane."

Foleni nzima ilipasuka kicheko. Mama mmoja alimwaga kahawa. Mwanaume aliyekuwa nyuma yake alimpiga bega, akasema, "Mia nane! Mzee, wewe ni muongo hodari, nimekupenda bure," na akaenda mwenyewe kumchukulia kiti.